Mume Wangu, Presha na Sahani ya Viazi

Mama mwenzangu, naomba nianze kwa kuungama. Kwa miaka zaidi ya 20 nimekuwa muuguzi. Nimekaa kwenye kliniki ya wenye presha na sukari nikiwahimiza watu wapunguze chumvi, wapunguze mafuta, waachane na vyakula vinavyoogeleshwa kwenye karai. Nimewaonyesha kwa kidole picha zilizobandikwa ukutani. Kisha jioni nilivua sare, nikaingia jikoni kwangu hapa Mtwara, nikabandika karai la mafuta na kuwakaangia watoto na baba yao chipsi, kwa sababu ndicho chakula kilichomalizwa sahanini bila kelele. Mafuta yaliyobaki niliyachuja kwa kitambaa, nikayarudisha kwenye dumu, na kesho yake yakabandikwa tena. Kama ungeniuliza, ningekujibu kwamba wagonjwa ni wale wa kliniki.

Kanisani kwetu sisi akina mama huandaa siku ya kupima afya mara moja kwa mwaka. Baada ya ibada tunaweka meza na mabenchi chini ya mkorosho, na mimi pamoja na muuguzi mmoja mstaafu tunashika mashine za presha mpaka foleni iishe. Mwaka 2022 foleni ilipokwisha, mume wangu alikuja akaketi kwenye benchi kwa mzaha.

"Haya Sista, nipime na mimi, usije ukasema nimekunyima kazi."

Watu wakacheka. Nikamfunga kitambaa cha mashine mkononi, nikabonyeza. Ikasoma 178 kwa 104. Nilidhani mashine imechoka. Nikamwambia akae kimya dakika 5, miguu yote miwili chini, asiongee na mtu. Nikachukua ile ya zamani ya kusikiliza kwa masikio, nikapima polepole. Ikawa 176 kwa 102. Mwenzangu akanitazama, nami nikatazama karatasi. Kumbuka, mama mwenzangu, kwamba kuanzia 140 kwa 90 tunaanza kumfuatilia mtu kwa karibu.

Nilikuwa nimeshapima mikono ya wazee wote wa usharika ule. Mume niliyeishi naye miaka 21 sikuwahi kumpima hata siku moja.

Hofu yangu ilikuwa na sababu. Kaka yake mkubwa alikuwa mvuvi na mkulima kule Kilambo, karibu na Mto Ruvuma. Mwaka 2019 alianguka asubuhi akiwa anafunga kamba ya mtumbwi. Upande wa kulia ukapooza, maneno yakagoma kutoka. Alikuwa na miaka 54. Hakuna aliyewahi kumpima presha, na yeye hakujisikia kuumwa, maana ugonjwa huu haupigi hodi. Tulimzika baada ya siku 9. Mume wangu ndiye aliyeingia kaburini kumpokea.

Basi siku ile ya kupima nilirudi nyumbani nikiwa nimekwisha kata shauri. Jumatatu tulikwenda kumwona daktari, akaandikiwa vidonge. Jumanne nikaanza kuigeuza nyumba yangu. Chumvi nikaificha kabatini. Karai nikalitundika juu ya dari la jiko. Chakula kikawa cha kuchemsha: ndizi za kuchemsha, samaki wa kuchemsha, mboga isiyo na hata tone la mafuta. Kila alipoinua kijiko nilikuwa namtazama. Akiongeza tonge nilikohoa. Nilimuuliza kuhusu vidonge mbele ya watoto, mbele ya wageni, na mara moja mbele ya mchungaji.

Siku moja akaweka kijiko chini akasema, "Mama watoto, mimi nilioa mke. Sikuoa wodi."

Sikumjibu. Nilifikiri ni maneno ya mgonjwa mkaidi, nimeyasikia mengi kama hayo kazini.

Mume wangu ni karani kwenye ghala la korosho. Msimu unapofunguka mwezi wa kumi, kazi yake haina saa. Malori yanaingia kutoka Tandahimba na Newala, magunia yanapimwa mpaka usiku. Mwaka ule alikuwa anarudi amechelewa na kusema ameshiba kwa uchovu. Niliamini. Mpaka nilipokuwa nafua. Katika mfuko wa suruali nikatoa vijiti viwili vya kuchokolea meno. Siku ya pili nikatoa vitatu. Akina mama wa mijini mnajua vijiti vile vinatoka wapi. Chipsi za kibandani haziliwi kwa uma.

Nilivikusanya. Naona haya kulisema hili, lakini nilivikusanya kwenye kikombe kwa wiki mbili kama mpelelezi. Vilipofika 19 nikavimwaga mezani wakati wa chakula cha usiku, watoto wakiwa wameketi. Sikusema neno. Binti yetu mdogo akadhani ni mchezo, akaanza kuvihesabu kwa sauti. Baba yake akainuka akatoka nje.

Alirudi usiku sana. Alipolala alikuwa ameelekea ukutani, na kwa muda mrefu nilisikia pumzi zake tu. Kisha akasema polepole, bila kugeuka:

"Pale kibandani hakuna anayenihesabia. Hapa nikiinua kijiko naona macho yako, na nikiona macho yako namwona kaka. Chakula hakipiti. Pale nakula nikiwa mtu kama watu."

Mimi nilidhani nimeolewa na mtu asiyeogopa kitu. Kumbe kwa miezi ile yote alikuwa anaogopa kuliko mimi, na kila nilipokohoa mezani nilimkumbusha kaburi. Nilimwomba radhi usiku uleule. Kwa vile vijiti nilimwomba radhi mara mbili, na asubuhi nikawaambia watoto kwamba mama alikosea kumwaibisha baba. Hilo lilikuwa gumu zaidi.

Lakini toba haibadilishi presha. Nilikuwa bado na mume mwenye 160 na kitu, na mwenye hamu ya viazi.

Hapo ndipo inapoingia mashine. Kifungua mimba wetu alikuwa amepata kazi Dar es Salaam kwenye duka la vyombo vya umeme. Aliposikia habari za baba yake, alinunua eafraya iliyokuwa imewekwa dukani kwa maonyesho, akaikatia bei, akaipakia kwenye basi. Tuliipokea stendi ikiwa imefungwa kwa kanga mbili. Bibi yake alipoiona alisema, "Hili yai jeusi limetagwa na nani?" Na jina likabaki. Mpaka leo kwetu inaitwa Yai.

Kwa wale ambao hawajaiona, eafraya ni jiko dogo la umeme, ukubwa wake kama ndoo ndogo. Ndani kwa juu kuna koili inayotoa joto, na juu ya koili kuna feni. Feni inasukuma hewa ya moto kwa kasi kuzunguka kikapu chenye matundu ambamo chakula kimewekwa. Hewa ile inakausha uso wa chakula na kuupa rangi upesi, hivyo kinatoka kama kilichokaangwa, ingawa mafuta yake ni kijiko tu. Kampuni ya Philips ya Uholanzi ndiyo iliyoileta sokoni mwaka 2010, na sasa zinatengenezwa na kampuni nyingi, kubwa kwa ndogo.

Viazi vyangu vya kwanza vilikuwa aibu. Nilikata vipande vinene, nikaviosha, nikavimwaga kikapuni vikiwa bado vinachuruzika maji, nikajaza mpaka juu kama lumbesa. Baada ya dakika 20 nikatoa vitu vilivyokuwa laini kama vya mgonjwa, na vichache vya juu vimeungua ncha. Mume wangu alionja kimoja. "Vya wodini hivi," akasema. Lakini safari hii alicheka, nami nikacheka.

Mara ya pili umeme ulikatika dakika ya 10. Sisi wa Mtwara tuna utani wetu wa uchungu kuhusu jambo hili. Gesi iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, kule Msimbati, na mwaka 2013 mji wetu ulichafuka kwa ajili yake, nami nilikuwa zamu siku zile. Sasa mtu unakaa na viazi vibichi gizani, safari fupi tu kutoka visima vya gesi. Vile viazi tulivimalizia mchuzini.

Mara ya tatu mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Kilambo kuchukua dawa zake za macho. Aliketi kwenye kigoda akanitazama ninavyofanya kazi, kisha akauliza, "Mwanangu, samaki mbichi unamkaanga akiwa analia maji?" Nikasema hapana, mama, namkausha. "Basi na kiazi nacho kina maji yake." Akachukua kipande cha kanga kuukuu, akavikausha vipande kimoja kimoja kama anayekausha mtoto baada ya kumwogesha. Kisha akafungua mzigo wake, akatoa unga wa muhogo aliotuletea, akanyunyiza kiganja kidogo. Alisema kwao samaki wa kukaanga hupakwa unga huo ili awe mkavu nje. Mimi na diploma yangu nilinyamaza.

Viazi vile vilipotoka vilisikika mezani. Yaani ulivisikia mtu akiuma.

Sasa nikueleze jinsi tunavyovipika, maana akina mama wengi wameniuliza. Kwa watu watano chukua viazi mviringo kilo 1, vya wastani na vinavyolingana. Vyetu vinasafiri mbali sana kutoka nyanda za juu, Njombe na Mbeya, na vikifika hapa vingine vimekaa juani sokoni. Kiazi chenye rangi ya kijani au kilichochipua usikichukue, hata kama muuzaji anakupunguzia bei. Kijani ile ni dalili ya sumu inayoumiza tumbo, na kupika hakuiondoi. Ukifika nyumbani viweke mahali pakavu penye giza na hewa, lakini si kwenye friji. Baridi ya friji inageuza wanga kuwa sukari, na sukari ile ndiyo inayofanya vipande viwe vyeusi kabla ya kuiva ndani.

Visugue vizuri lakini usivimenye, ganda ndilo linaloshika umbo. Kata kiazi katikati, kila nusu ikate mara mbili, na kila robo uigawe tena, upate vipande 8 vyenye umbo la mwezi mwandamo. Viloweke kwenye maji ya baridi nusu saa. Utaona maji yanakuwa meupe. Huo ni wanga wa juu unaotoka, na usipotoka vipande vinagandana. Mwaga maji, kisha vikaushe kama alivyofanya mama mkwe, bila haraka. Ukiruka hapo usinilaumu.

Kwenye bakuli kubwa vichanganye na mafuta ya alizeti kijiko kimoja cha chakula, unga wa muhogo kijiko kimoja cha chakula, pilipili manga nusu kijiko cha chai, binzari nyembamba iliyosagwa nusu kijiko cha chai, na unga wa kitunguu saumu kijiko kimoja cha chai. Kitunguu saumu kibichi kinaungua na kuwa kichungu, labda ukamue maji yake tu. Wanangu wanapenda na pilipili nyekundu ya unga, ile tamu isiyowasha. Chumvi usiweke sasa, inavuta maji. Utaweka mwishoni, na isizidi nusu kijiko cha chai kwa kilo nzima. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, pamoja na mkate na dagaa wa chumvi. Tahadhari na viungo vya pakiti na vidonge vya supu, maana vingi vimejaa chumvi ambayo hukuipima wewe. Badala yake kamulia ndimu vinapotoka. Ndimu inaudanganya ulimi kwamba chumvi ipo.

Washa eafraya tupu dakika 3 kwenye nyuzi 190. Panga vipande kwa safu moja, hewa ipite. Kilo 1 kwa mashine yangu ni mikupuo miwili, na hapa ndipo tunapokosea wengi kwa haraka. Baada ya dakika 12 vuta kikapu ukitikise, kisha rudisha dakika 8 hadi 10. Vitoe vikiwa na rangi ya dhahabu. Usisubiri kahawia iliyokolea ukidhani ndiyo utamu. Tangu mwaka 2002, watafiti wa Sweden walipotangaza habari hiyo, tunajua kwamba vyakula vya wanga vikichomwa au kukaangwa kwa joto kali hutoa kemikali iitwayo akrilamaidi, nayo huongezeka kadiri rangi inavyokuwa nyeusi. Kuloweka viazi kunaipunguza.

Mashine yangu imeandikwa wati 1,500. Mkupuo mmoja wa dakika 25 ukihesabu na kuipasha hautumii zaidi ya uniti 0.6 hivi za LUKU. Ichomeke moja kwa moja ukutani, usitumie waya mwembamba wa kuunganishia, maana nimeshahudumia mtoto aliyeungua kwa waya ulioyeyuka. Iwe mbali kidogo na ukuta ili ipumue nyuma. Na kikapu usikisugue kwa waya wa chuma, tumia sponji laini na maji ya vuguvugu.

Mama mwenzangu usiye na mashine, usifunge ukurasa. Nilipoonyesha viazi hivi kwenye kikundi chetu cha wanawake, mmoja wao aliinua mkono akasema, "Sista, sisi tusio na mtoto Dar tufanyeje?" Swali lake lilinichoma. Wiki iliyofuata nilijaribu kwa moto wa juu na chini, kama tunavyooka keki. Viazi hivihivi, vimelowekwa, lakini kabla ya kuvikausha nikavichemsha dakika 5 tu. Nikavipanga kwa safu moja kwenye sufuria pana iliyopakwa mafuta kidogo, nikaweka makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko. Nilivigeuza mara moja. Baada ya dakika 35 vilikuwa vizuri, hata niseme vina harufu nzuri kuliko vya Yai. Shida ni moshi na kuungua vidole. Fungua madirisha, na makaa usiyaingize kamwe kwenye chumba kilichofungwa.

Muhogo nao tumeujaribu, tungewezaje kuuacha sisi watu wa kusini? Lakini muhogo usiuweke mbichi. Chagua muhogo mtamu, menya, kata, chemsha mpaka uive kabisa, mwaga maji, uache upoe na ukauke, ndipo uupake mafuta na kuuingiza dakika 15. Mkoa wetu ulipata kuona watu wakipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa sababu ya kula muhogo mchungu ambao haukusindikwa vya kutosha. Ule unga pia uwe umetokana na muhogo uliovundikwa na kukaushwa sawasawa. Ming'oko mama mkwe alikataa katakata isiingizwe. Alisema ming'oko ilishapata chungu chake tangu zamani, isisumbuliwe.

Na wewe mwenye sukari, au unayempikia mwenye sukari, nisikudanganye. Mashine inapunguza mafuta, haiondoi wanga. Kiazi bado ni kiazi. Kipimo chake kisizidi ngumi yako, na robo tatu ya sahani iliyobaki iwe mboga na samaki. Nimeshakutana kliniki na mama aliyekula sahani mbili akiniambia ni "chakula cha afya". Sukari yake ilisema mengine.

Turudi kwa baba watoto. Baada ya siku ile ya unga wa muhogo, Jumamosi iliyofuata nilirudi kutoka zamu ya usiku nikamkuta jikoni. Amefunga kanga yangu kiunoni, anakata viazi. Vipande vyake havikulingana hata kidogo, vingine vikubwa kama kidole gumba cha mguu, nami mdomo uliniwasha niseme. Nikaenda kuoga. Alivipika mwenyewe, akavitia pilipili kuliko inavyoruhusiwa, akawaita watoto. Tangu hapo Jumamosi jiko ni lake. Siku hiyo simtazami anapokula, na kama ni lazima kukohoa natoka uani.

Mazungumzo tuliyoshindwa kuyafanya kitandani tumeyafanya pale, yeye anakausha viazi, mimi namenya vitunguu. Ndipo aliponiambia kwamba kaka yake alilalamika kichwa kumuuma kwa miezi, naye akamshauri anywe maji mengi. Alikuwa ameubeba mzigo huo peke yake tangu mwaka 2019. Sikuwa na dawa ya hilo. Nilimwambia tu kwamba na mimi, mwenye mashine mbili za presha kabatini, nilikaa naye miaka 21 bila kumpima. Tukaendelea na kazi.

Mwaka uliofuata, kwenye siku yetu ya kupima, alisoma 134 kwa 84. Nisingependa mtu aseme ni viazi vilivyofanya hivyo. Ni vidonge, anavyomeza kila siku bila kukumbushwa. Ni kutembea kutoka ghalani hadi nyumbani badala ya kupanda bodaboda. Ni chumvi iliyopungua. Daktari bado anamwona kila mwezi, na dawa hazijaachwa kwa sababu ya nambari nzuri, kama wengi wanavyofanya na kutuletea majanga. Mimi navishukuru viazi kwa jambo moja, kwamba vilimrudisha mezani kwangu. Mifukoni mwake sipekui tena. Nikifua, namwomba atoe vitu vyake mwenyewe.

Jumamosi iliyopita mama mkwe alikuwa kwetu tena. Tulikula viazi na samaki wa kuchoma na kachumbari ya ndimu, na kabla sijaondoa vyombo, mume wangu akakunja mkono wa shati, akanyoosha mkono juu ya meza kama mtoto anayechanjwa. Mkono mwingine ulikuwa na kipande cha kiazi.

"Nipime basi, Sista."

"Haiwezekani sasa hivi," nikamwambia. "Umetoka kula. Kaa nusu saa kwanza."

"Nusu saa nzima?" Akaangalia bakuli. "Basi niongeze vingine nisubirie."

Nikamwongeza viwili.